Mkwaju Kati ya Mbuzi na Kondoo

Kondoo wa saba alikufa akiwa na nyasi mdomoni. Hakuwa amezitafuna wala kuzitema. Zilining'inia pembeni mwa mdomo, mbichi, na umande wake, kama maneno ya mtu aliyekatizwa kabla hajamaliza. Mlishaji alipiga goti juu ya saruji, akalifunua jicho la mnyama kwa kidole gumba. Pale palipotakiwa kuwa na weupe palikuwa na umanjano, kama kiini cha yai. Mkojo ulikuwa umetiririka hadi kwenye mfereji, rangi yake rangi ya chai kavu iliyosahauliwa jikoni.

"Saba," alisema.

Hapakuwa na wa kumsikia ila kondoo tisa waliobaki, nao hawakuwa na habari naye. Walikuwa wameinamisha vichwa horini, bega kwa bega, wanakula. Mwenzao alikuwa hajapoa, na wao wanakula kilekile, horini mlemle. Hilo lilimchoma mlishaji kuliko kifo chenyewe.

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau. Katika miaka kumi na tisa aliyofanya kazi kwenye shamba la chuo, vumbi la pumba lilikaa nyweleni na kwenye nyusi zake tangu asubuhi hadi jioni, na hata mvi zilipomwota hakuna aliyezigundua. Wakamwita Pumba, naye akaitika. Jina la kazi halichubui ngozi.

Darasani alikaa miaka minne tu. Horini alikaa kumi na tisa, na huko ndiko alikohitimu. Alijua kwamba kondoo hula kwa imani. Huinama, hukata nyasi karibu kabisa na udongo, kama kinyozi mwenye haraka, na mmoja akisogea hatua moja wote husogea. Kondoo hana maswali. Mkono uliomlisha jana ndio uliomlisha leo, basi yamekwisha.

Mbuzi ni kiumbe mwingine. Watu humsingizia kwamba hula kila kitu, mpaka suruali zilizoanikwa, kwa sababu humwona akitia mdomo kila mahali. Hawana subira ya kumtazama mpaka mwisho. Mbuzi hupapasa kwa midomo kama mwanamke anayechagua kitambaa dukani. Hugeuza, hunusa, huonja ncha, kisha mara nyingi huacha na kwenda zake. Jani lililoanguka chini likakanyagwa, halitaki. Afadhali ashinde njaa. Chakula chake hukitafuta juu, akisimama kwa miguu miwili, shingo ameinyoosha, ndevu zikimtetemeka. Kwa hiyo Pumba alikuwa amefunga waya kwenye banda la mbuzi, kimo cha bega la mtu, akawa anawatundikia matawi. Kondoo aliwawekea hori la chini, shibiri moja kutoka sakafuni. Miaka kumi na tisa hakuna aliyelalamika, si mbuzi, si kondoo, si chuo.

Kisha akaja bwana mifugo mpya, mwenye buti ambazo zilikuwa hazijawahi kukutana na mavi.

"Mzee Pumba," alisema siku ya kwanza, akisimama mlangoni bila kuingia, "mbona matawi yananing'inia kama nguo za kufuliwa?"

"Mbuzi anakula juu, bosi. Kondoo anakula chini."

"Kwani wote si wanacheua?"

"Hata mimi na wewe wote tunatafuna, bosi. Lakini sidhani kama umekuja kula sahani yangu."

Wakamuaji waliokuwa wakipita na ndoo zao walicheka. Bwana mifugo naye alicheka, akahakikisha kicheko chake ndicho cha mwisho. "Mmesikia? Mzee Pumba anaongea pumba!"

Tangu siku hiyo maagizo yake hayakuja kwa mdomo. Yalipitia ofisini, na kutoka ofisini yalishuka bandani kwa simu. Aliyeyasoma alikuwa karani, binti mwenye adabu aliyejifunza kupiga chapa kwa imla. Akisoma barua hasazi kitu. Hata nukta huitamka.

Siku agizo lilipokuja, bwana mifugo alikuwa ameshaleta mifuko mitatu ya unga wa madini. Aliichana mwenyewe kwa kisu chake cha mfukoni, akaimimina ndani ya pipa la stoo, akaitupa mitupu nje. Pumba aliuokota mmoja. Ulikuwa wa nailoni nzito, isiyoingia maji. Ni nani atupaye kitu kama kile? Mkewe alimshonea aproni wiki ileile. Jioni ya siku ile ya mifuko, simu ya bandani ililia.

"Shikamoo, mjomba. Una kalamu?"

"Marahaba. Kalamu ya nini na kichwa ninacho? Soma."

"Linasema hivi: lishe ya mbuzi mkwaju kondoo nukta pacha madini ya mfuko mpya mkato makopo mawili kila asubuhi nukta."

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, nukta kwa nukta.

Nukta na mkato Pumba alivifahamu. Shule aliiacha kabla mengine hayajafika. Alisimama na mkonga wa simu mkononi, akalipanga agizo kichwani mpaka likakaa. Lishe ya mbuzi, mkwaju. Kondoo, madini ya mfuko mpya, makopo mawili kila asubuhi. Akatabasamu peke yake. Nyuma ya stoo ulisimama mkwaju mkubwa, na majani yake machachu mbuzi waliyapenda kuliko kitu chochote. Kumbe huyu bwana ana akili, alijisemea. Kumbe alikuwa anatazama.

Kwa wiki saba alipanda ngazi kila asubuhi, akakata matawi ya mkwaju na kuyatundika kwenye waya. Kwa wiki saba alichota makopo mawili kutoka pipani, akayanyunyiza juu ya nyasi za kondoo, akichanganya vizuri kwa mikono miwili ili kila mmoja apate. Mbuzi walinawiri. Kondoo walikula wakamaliza, wakalamba hori.

*

Saa nne asubuhi, siku ya kondoo wa saba, aliitwa ofisini.

Meneja alikuwa mwanamke mzima, mchache wa maneno, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mezani mbele yake palikuwa na barua ya maabara. Bwana mifugo aliketi upande wake wa kulia. Karani alikuwa pembeni, nyuma ya mashine yake ya chapa. Pumba hakuonyeshwa kiti, naye hakukitafuta. Aproni yake ilikuwa na damu ya mnyama aliyekufa.

"Maini yamejaa shaba," alisema meneja. "Maabara wanasema imetoka kwenye madini."

"Swali langu ni moja tu," alidakia bwana mifugo. "Mzee Pumba, makopo mawili ya kila asubuhi uliwapa nani?"

"Kondoo."

"Yote mawili?"

"Yote. Si ndivyo ulivyoagiza?"

"Na mbuzi uliwapa nini?"

"Mkwaju."

Kisha bwana mifugo akapiga meza kwa kiganja, akamgeukia meneja kama mtu aliyeokota pochi yake iliyopotea. "Umesikia, mama? Kopo moja la mbuzi, kopo moja la kondoo. Yeye kawapa kondoo la kwao na la mbuzi! Dozi mara mbili, wiki saba. Unategemea wapone?"

"Mimi nilifuata agizo," alisema Pumba. Alimtazama karani. "Si ulisema mkwaju, binti?"

Karani alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Aliinuka taratibu, akachukua karatasi ya agizo, akamletea na kumwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Mjomba, nisamehe. Mkwaju ni alama. Ni huu mstari uliolala hapa. Mbuzi, halafu mkwaju, halafu kondoo."

Pumba aliutazama. Ulikuwa mstari mmoja tu, umeinama kama unyasi uliosukumwa na upepo. Mbuzi/kondoo. Wanyama wawili, kamba moja.

"Una maana gani?"

"Inategemea, mjomba. Mara nyingine ni 'na'. Mara nyingine ni 'au'."

"Inategemea nani?"

Bwana mifugo alisukuma karatasi nyingine mezani, iliyokwisha kupigwa chapa kabla hata hajaitwa. Mimi, mlishaji wa mbuzi/kondoo, nakiri kwamba kwa uzembe wangu niliwapa kondoo sehemu ya mbuzi, kinyume cha agizo, na hivyo kusababisha vifo. Akitia saini, atahamishiwa kufagia ukumbi wa mikutano, na mambo yataishia hapo. Asipotia, ataondoka shambani kwa kosa hilohilo, na jina lake litapelekwa juu.

"Kaa nayo mpaka saa nane," alisema meneja. Hakumtazama usoni aliposema hivyo.

*

Njiani kwenda nyumbani hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ingemsaidia kutembea. Alikuwa na mikono yake miwili tu, ikining'inia, na kila alipoitazama aliiona ikichanganya unga na nyasi, vizuri, ili kila mmoja apate. Mkono ni wangu, alijisemea. Wamesema mstari, nikasikia mti. Wanyama saba walikula kwa sababu mimi ndiye niliyeweka. Ningeweka misumari wangeila.

Kalamu alikuwa nayo mfukoni. Saini yake ilikuwa herufi tatu na mkia, na katika maisha yake hakuwahi kumnyima mtu. Fomu za likizo, fomu za sare, karatasi za mikutano ambayo hakuhudhuria. Wanakuonyesha mahali, unainama, unaandika. Hakukumbuka hata moja aliyoisoma kwanza.

Mkewe alikuwa barazani, cherehani mbele yake. Alipomwona alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Baba watoto, mbona mchana huu?"

"Nimekuja kutia saini. Sikutaka kuitia mbele ya yule mtu."

Akamweleza, kwa ufupi, akiwa amesimama. Mwanamke alisikiliza bila kumkatiza, ila aliposikia habari ya mkwaju alisonya. "Yaani mtu mzima anaandika alama badala ya neno, kisha mwingine ndiye mjinga?" Akanyoosha mkono. "Haya, vua hiyo aproni. Ina damu, na mkanda umekatika. Utaenda kuaibishwa, lakini si kwa mkanda uliokatika."

Alifumua mshono wa mkanda kwa wembe. Pindo likafunguka, nailoni ikajikunjua, na upande wa ndani ukageuka juu. Kulikuwa na picha ya mbuzi mwenye pembe, na chini yake maandishi, mengine yamefifia kwa jasho. Mkewe aliinamia kitambaa. Yeye alifika darasa la saba, na macho yake ya ushonaji hayakupitwa na kitu.

"Hii nailoni ndiyo ya yale madini?"

"Ndiyo hiyo."

"Njoo hapa."

"Nini?"

"Njoo, bwana. 'Kwa mbuzi tu. Yana shaba. Kondoo wasipewe, hata kidogo.'"

Pumba alisogea mpaka kivuli chake kikalifunika lile andiko. "Soma tena hapo mwisho."

"Hata kidogo."

"Wameandika hata kidogo?"

"Wameandika na kupigia mstari. Mimi ndiye niliyeyageuza maneno ndani." Sauti yake ilipungua. "Nilisema usitembee kama tangazo la duka. Nimeyafunga tumboni mwako, baba watoto."

"Wewe uligeuza mfuko mmoja mtupu," alisema Pumba. "Yeye alichana mitatu iliyojaa. Kwa kisu chake. Picha ya mbuzi ikimtazama."

Hapo ndipo hasira ilipomjia. Haikuja kwa kishindo; ilipanda kama maziwa jikoni, kimya kimya, kisha mara ikafika ukingoni. Hata kidogo. Basi kopo moja lingewaua kama mawili yalivyowaua, ila wangechelewa kidogo. Agizo lingefuatwa herufi kwa herufi, mkwaju kwa mkwaju, na kondoo wangelala kwenye saruji ileile na nyasi mdomoni. Na yule bwana alikuwa na macho mawili, na vyeti ukutani, na karatasi iliyopigwa chapa mapema.

"Shona mkanda," alisema. "Maneno yakae nje."

*

Saa nane walikuwa walewale katika viti vilevile. Pumba aliivua aproni, akaitandaza juu ya meza ya meneja, juu ya barua ya maabara na kila kitu. Mbuzi mwenye pembe akamtazama bwana mifugo.

"Hii ni nini tena?" alisema bwana mifugo. "Mzee, umeambiwa ulete saini, unaleta matambara?"

Pumba aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma mwenyewe. Hakuwa msomaji wa haraka. Kila neno alilikanyaga kwanza kuona kama linabeba. Kwa. Mbuzi. Tu.

"Mama, muda wetu..." alianza bwana mifugo.

"Anasoma," alisema meneja.

Akasoma mpaka mwisho. Alipofika kwenye "hata kidogo" alikiacha kidole palepale, hakukiondoa.

Meneja alivaa miwani, akasoma peke yake, midomo ikicheza. Kisha akamgeukia mtu wa kuliani kwake. "Haya madini yalifikaje hapa?"

"Mimi niliagiza vizuri kabisa. Fomu ya duka nilijaza kwa mkono wangu: madini ya mbuzi/kondoo. Wao ndio waliokosea." Bwana mifugo alikuwa akizungusha kalamu mezani. "Nilimaanisha ya wote wawili. Sasa mimi nitajuaje kwamba wataleta ya mmoja?"

"Kwa kusoma mfuko," alisema Pumba.

"Mzee, usinifundishe kazi. Ni mkwaju tu huo, kialama kidogo..."

"Ndiyo, ni kidogo." Sauti ya Pumba haikupanda, ilishuka, na karani aliacha kugusa mashine yake ili aisikie. "Muuzaji aliusoma 'au', akaleta ya mbuzi. Wewe uliusoma 'na', ukaniagiza niwape wote. Mimi niliusoma mti, nikapanda ngazi. Watatu tumesoma, bosi. Watatu tumekosea. Mbona wa kutia saini ni mmoja?"

Bwana mifugo aliangalia buti zake, na kwa mara ya kwanza Pumba aliona zina vumbi.

Meneja alivuta pumzi. "Niachie hii nguo. Itawekwa kwenye faili."

"Hapana, mama. Hiyo ni nguo yangu ya kazi, na jioni nina kazi. Chukueni nakala."

Karani hakungoja aambiwe. Aliichukua aproni kwa mikono miwili, akailaza juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, akabonyeza. Mwanga ulipita chini ya nailoni toka upande hadi upande, karatasi ikatoka ikiwa na pembe, maneno, na kivuli cha doa la damu. Akatoa ya pili. Akatoa na ya tatu, hiyo akaikunja, akampa Pumba mkononi.

"Na hii?" Meneja alikuwa ameshika ile karatasi ya kukiri. Haikuwa na saini.

Pumba aliipokea. Aliisoma tangu "Mimi" mpaka "vifo", kidole kikitembea, na wote walimsubiri. Kisha akairudisha mezani, akaisukuma kwa vidole viwili mpaka pale ilikotoka.

"Makosa yangu nitayaandika mwenyewe," alisema. "Ninayo. Lakini haya si yangu yote."

Alipotoka, meneja alikuwa ameishika tena karatasi. Hakuiweka kwenye faili, hakuitupa kwenye kapu.

*

Alivuka uwanja na mbuzi mwenye pembe kifuani. Wakamuaji waliomwona walisimama na ndoo zao, wakasoma. Mmoja alianza utani, akaumeza. Pumba alikwenda moja kwa moja stoo, akalifunga pipa la madini kifuniko kwa waya, akalilaza, akalivingirisha mpaka nje. Kazi hiyo hakuna aliyemwagiza.

Bandani, mbuzi walikuwa kwenye matawi ya asubuhi. Mmoja alimsogelea, akapapasa aproni kwa mdomo wa juu, akainusa pale penye herufi, akaiacha.

Upande wa pili kondoo tisa walimsikia wakaanza kulia. Waliijua hatua yake. Hori lilikuwa tupu, limelambwa likang'aa, nao walijipanga mbele yake bega kwa bega, vichwa tayari vimeinama juu ya kitu ambacho hakijawekwa. Jike mzee, aliyekuwa akila karibu na yule wa saba, aliinua uso. Jicho lake lilikuwa na wekundu kidogo, na umanjano kidogo pembeni, au labda ulikuwa mwanga wa alasiri, hakuweza kujua. Alikuwa akiitazama mikono yake.

Pumba alichukua mshiko wa nyasi kutoka kwenye toroli. Aliupeleka puani, akaunusa. Akaugeuza, akanusa upande wa pili. Akang'ata ncha ya unyasi mmoja, akatafuna polepole, huku kondoo wakimsubiri.

Kisha akainama, akanusa tena.